Maumivu ya Tumbo Yanayorudi: Utumbo Kujipenyeza kwa Mtu Mzima na Wajibu wa Kutafuta Chanzo

Mwanamke wa miaka 42 anaingia zahanati akiwa na daftari la matibabu lililochakaa jalada. Miezi minne iliyopita aliandikiwa omeprazoli kwa vidonda vya tumbo. Wiki tatu baadaye, katika kituo kingine, kipimo cha Widal kilisomwa kuwa ni homa ya matumbo, akapewa siprofloksasini. Mwezi uliofuata alipewa metronidazoli kwa amiba na albendazoli kwa minyoo. Nyumbani shangazi yake alisema ni chango, akamkanda tumbo kwa mafuta ya nazi. Kila mara alipata nafuu, na kila mara maumivu yalirudi. Mgonjwa huyu ni wa mfano tu, lakini daftari lake si geni kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ya wagonjwa wa nje.

Kila ukurasa wa daftari hilo, ukisomwa peke yake, una mantiki yake. Vidonda vya tumbo vipo, amiba ipo, minyoo ipo. Zikisomwa pamoja, kurasa hizo zinasema jambo ambalo hakuna ukurasa mmoja unaolisema: mtu mzima ana maumivu yanayokuja kwa mawimbi, yanafuatana na kutapika, yanapoa yenyewe, kisha yanarudi mahali pale pale, na uzito wake unapungua. Miongoni mwa magonjwa yanayoweza kuandika historia ya namna hiyo, mmoja husahaulika kwa sababu umezoeleka kuhesabiwa kuwa ni wa watoto wachanga: utumbo kujipenyeza ndani ya utumbo.

Hoja ya makala haya ni fupi. Kwa mtu mzima, utumbo kujipenyeza ni ishara ya ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake. Kwa hiyo kazi ya tabibu haimaliziki pale maumivu yanapotulia, wala pale kidonda cha upasuaji kinapofungwa. Humalizika chanzo kinapojulikana kwa jina na mgonjwa mwenyewe anapolisikia jina hilo.

Utumbo unavyojimeza

Utumbo wa mwanadamu ni bomba laini lenye misuli inayojibana wimbi baada ya wimbi ili kusukuma chakula mbele. Panapoota uvimbe unaoning'inia ndani ya bomba hilo, mawimbi huukamata kama yanavyolikamata tonge la chakula, yakausukuma. Uvimbe ukienda mbele huuvuta ukuta ulioushikilia, na sehemu moja ya utumbo huingia ndani ya sehemu inayoifuata, kama antena ya redio inavyosukumwa ikaingia ndani yake yenyewe. Hiyo ndiyo hali ambayo wataalamu huiita intasasepsheni.

Utumbo hauingii peke yake. Huuburuta pia utando unaoubeba, ambamo mishipa ya damu hupita. Vena, ambazo kuta zake ni laini, hubanwa kwanza: damu huingia lakini haitoki, ukuta wa utumbo huvimba, kamasi na damu huvuja. Ateri nazo zikibanwa, sehemu iliyonaswa hukosa damu, hufa, huoza, na hatimaye hutoboka na kumwaga uchafu tumboni. Mgonjwa aliyefika hatua hiyo yumo hatarini kupoteza maisha, na kila saa ina thamani.

Lakini kwa mtu mzima safari hiyo mara nyingi huenda na kurudi. Utumbo hujipenyeza, ukajinasua, ukajipenyeza tena baada ya siku au wiki. Katika vipindi vya nafuu mgonjwa hula, hufanya kazi, na huamini kuwa dawa aliyopewa mwisho ndiyo iliyomponya. Tabibu naye huamini hivyo. Ni katika nafuu hizo za uongo ndipo miezi hupotea.

Mtoto na mtu mzima

Ugonjwa wenyewe si mpya. Paul Barbette wa Amsterdam aliueleza mwaka 1674, na mwaka 1871 Jonathan Hutchinson wa London alimfanyia mtoto upasuaji uliofanikiwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya maarifa kuhusu ugonjwa huu imejengwa juu ya watoto, na ni picha ya mtoto inayokaa kichwani mwa wengi waliosomea tiba: mtoto anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, anayetapika, na anayetoa choo chenye damu na kamasi mfano wa jeli nyekundu.

Picha hiyo haimfai mtu mzima. Watu wazima ni takriban mmoja katika kila wagonjwa ishirini wa utumbo kujipenyeza, na hali hii husababisha takriban asilimia 1 hadi 5 ya visa vya kuziba utumbo kwa watu wazima. Ni wachache wao wanaoonyesha kwa pamoja maumivu, uvimbe unaopapasika na choo chenye damu. Wengi huja na malalamiko yasiyo na sura maalumu: maumivu ya kuja na kuondoka, kichefuchefu, tumbo kujaa, choo kubadilika.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye chanzo. Kwa watoto, karibu tisa katika kila kumi hawana uvimbe wowote unaoonekana kuanzisha tatizo. Kwa watu wazima wanaofikishwa kwenye upasuaji hali hugeuka: walio wengi sana wana kitu kilichouvuta utumbo. Mwaka 1997 madaktari wa Massachusetts General Hospital mjini Boston, Marekani, walichapisha kumbukumbu zao za miaka 30. Katika muda wote huo walikuwa na watu wazima 58 tu waliothibitishwa kwa upasuaji, 44 wa utumbo mwembamba na 14 wa utumbo mpana. Asilimia 93 ya visa hivyo vilikuwa na ugonjwa uliovisababisha.

Kumbukumbu hizo zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hata hospitali kubwa kiasi kile ilikutana na wagonjwa wasiofika wawili kwa mwaka, hivyo tabibu wa zahanati asilaumiwe kwa kutomfikiria mgonjwa ambaye huenda hajawahi kumwona. La pili ni kwamba mgonjwa huyo akipatikana, uwezekano wa kuwa na ugonjwa mwingine nyuma yake ni mkubwa kiasi kwamba kutoutafuta ni kosa.

Magonjwa hayo ni mengi. Katika utumbo mwembamba huweza kuwa uvimbe wa mafuta, vinyama vinavyoota ukutani, kifuko cha Meckel ambacho mtu huzaliwa nacho, makovu ya upasuaji wa zamani, saratani ya limfu, au saratani iliyosafiri kutoka kwingine. Kifua kikuu cha utumbo nacho kimo katika orodha. Katika utumbo mpana mzani huelemea upande wa hatari: katika tafiti nyingi, zaidi ya nusu ya visa vya utumbo mpana hutokana na saratani.

Macho na mikono kabla ya mashine

Husemwa mara kwa mara kwamba ugonjwa huu hauwezi kutambuliwa pasipo CT-Scan. Kauli hiyo ni kweli nusu. Mashine huthibitisha, lakini uamuzi wa kumpeleka mgonjwa kwenye mashine hufanywa na mtu aliyeketi naye, aliyemuuliza na kumgusa.

Swali la kwanza lihusu mwenendo wa maumivu: yanakuja kwa mawimbi? Yalianza lini? Yamerudi mara ngapi? Yakija, mgonjwa hutapika? Hutoa choo na upepo? Swali la pili lihusu mwili mzima: uzito, homa za usiku, damu kwenye choo, upasuaji wa zamani, hali ya maambukizi ya VVU, na saratani katika ukoo.

Kisha mwili wenyewe usomwe. Madoa meusi midomoni na ndani ya mashavu yanaweza kuashiria ugonjwa wa Peutz-Jeghers, unaorithiwa na unaootesha vinyama vingi ndani ya utumbo; kwa mwenye ngozi nyeusi madoa hayo hayaonekani kwa urahisi mpaka mdomo ufunguliwe. Mabaka ya zambarau au meusi kwenye ngozi au kaakaani yanaweza kuwa ya sarakoma ya Kaposi, ambayo huota ndani ya utumbo pia. Unyayo uangaliwe, kwa maana melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa Waafrika huota mara nyingi unyayoni, ina tabia ya kusafiri hadi utumbo mwembamba. Mgonjwa aliyewahi kukatwa doa jeusi la kisigino miaka iliyopita huenda asione uhusiano wowote kati ya kisigino hicho na tumbo lake. Ni kazi ya anayemhudumia kuuliza.

Tumbo lipapaswe wakati wa maumivu na baada yake. Uvimbe uliokuwapo asubuhi na usiokuwapo jioni haukuwa ndoto ya tabibu. Huenda ulikuwa utumbo ulionaswa ukajinasua. Uchunguzi wa njia ya haja kubwa kwa kidole nao usiachwe kwa aibu, kwani damu ambayo mgonjwa hajaiona inaweza kuonekana kwenye glovu. Yote haya hayahitaji umeme. Yanahitaji dakika chache na mahali penye faragha.

Kipimo sahihi kwa wakati sahihi

Utrasaundi inapatikana hata katika vituo vingi vya afya, haina mionzi, na katika mikono yenye uzoefu huweza kuonyesha duara ndani ya duara, mfano wa shabaha ya kulengea. Ina mipaka miwili isiyozungumzwa vya kutosha. Wa kwanza ni hewa: utumbo uliojaa gesi huficha kilichomo. Wa pili ni wakati: mgonjwa akipimwa siku tumbo limetulia, picha inaweza kuwa safi kabisa, na karatasi yenye majibu ya kawaida ikawa kikwazo kwa kila atakayetaka kuendelea kutafuta.

Kuna jambo jingine la kiutendaji. Ombi linaloandikwa "utrasaundi ya tumbo" bila maelezo hujibiwa mara nyingi kwa kuangaliwa ini, nyongo, figo, wengu na kizazi. Utumbo huenda usiangaliwe kabisa, na majibu yakaandikwa kuwa ni ya kawaida. Anayeandika ombi aseme anachokishuku: maumivu ya mawimbi yanayorudi, utumbo uangaliwe. Sentensi hiyo moja haina gharama.

Eksirei ya kawaida huonyesha kuziba kwa utumbo, lakini kwa kawaida haisemi kilichouziba. Kipimo bora kwa mtu mzima ni CT-Scan, inayoonyesha tabaka za utumbo ulioingia ndani ya mwingine pamoja na mafuta na mishipa iliyoburutwa, na mara nyingine uvimbe wenyewe. Nchini Tanzania mashine hizo, ambazo zamani zilikuwa za miji mikubwa, zimefika katika miaka ya karibuni kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Kikwazo kinachobaki kwa wengi ni gharama, na hicho si kidogo. Ndiyo maana rufaa iandikwe kwa hoja iliyo wazi, ili mgonjwa asilipie kipimo asichokihitaji wala asikose anachokihitaji.

CT-Scan nayo imeleta fumbo lake. Huonyesha wakati mwingine kipande kifupi cha utumbo mwembamba kilichojipenyeza kwa muda, pasipo kuziba, pasipo uvimbe, kwa mtu aliyepimwa kwa sababu nyingine kabisa. Kipande cha namna hiyo, hasa kikiwa kifupi kuliko sentimita 3.5, mara nyingi hujinasua chenyewe. Mgonjwa huyo afuatiliwe kwa utulivu. Kumkimbizia kisu ni kumdhuru.

Upasuaji na mjadala wake

Mgonjwa aliyeziba utumbo huanza kutibiwa kabla ya kufika kwa daktari wa upasuaji. Asile wala kunywa; atundikiwe maji ya mishipa; awekewe mpira wa kupitia puani ili tumbo lipungue shinikizo; mkojo upimwe; damu ya akiba iandaliwe. Palipo na dalili za kuoza au kutoboka, viuavijasumu vianze mara moja. Zahanati inayotoa rufaa yaweza kuanzisha angalau maji na mpira huo, na isiache mgonjwa asafiri saa nyingi akiwa mkavu.

Kwa watoto, hewa au maji yanayosukumwa kupitia njia ya haja kubwa huweza kuurudisha utumbo mahali pake bila kisu. Kwa mtu mzima njia hiyo si tiba, kwa sababu hata utumbo ukirudi, chanzo kimebaki ndani.

Madaktari wa upasuaji wenyewe hubishana kuhusu jambo moja: utumbo unaswuliwe kwanza ndipo ukatwe, au ukatwe kama ulivyo? Kwa utumbo mpana hoja yenye nguvu ni kukata bila kunasua. Saratani inawezekana sana, na kuuvuta utumbo uliovimba kunaweza kuupasua au kutawanya seli zake. Kwa utumbo mwembamba ulio hai, ambao chanzo chake kinaelekea kuwa kisicho saratani, kunasua kwa upole kwanza kunaweza kuokoa urefu mkubwa wa utumbo. Jambo hili ni muhimu hasa kwa mwenye Peutz-Jeghers, ambaye huenda akapasuliwa tena na tena katika maisha yake, na ambaye akibakiwa na utumbo mfupi mno hatapata lishe ya kutosha kwa chakula anachokula.

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa hayo kabla ya kutia sahihi. Aelezwe pia kwamba mara nyingine, hasa utumbo mpana ukiwa umeoza, huenda akaamka akiwa na njia ya choo tumboni, mara nyingi kwa muda. Anayeligundua jambo hilo baada ya usingizi wa nusukaputi huona ametapeliwa. Aliyeelezwa mapema huona ameokolewa.

Kopo la formalini

Hapa ndipo uzembe hupata nafasi yake kubwa. Upasuaji umekwenda vizuri, utumbo uliooza umeondolewa, mgonjwa ameanza kunywa uji. Kila mtu ana furaha. Kipande kilichokatwa kiko kwenye kopo, na mara nyingine ndugu ndiye hukabidhiwa kopo hilo alipeleke maabara ya patholojia na kulipia. Ndugu hana nauli, au hajaelezwa maana yake, au anaona haya kubeba nyama ya mgonjwa ndani ya daladala. Kopo hubaki dirishani. Hata likifika, majibu hutoka mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kijijini, na hakuna aliyeandika namba yake ya simu.

Mgonjwa huyo ameondolewa uvimbe ambao jina lake halijulikani. Ukiwa wa mafuta, amepona na hahitaji hofu. Ikiwa ni saratani ya limfu, huenda anahitaji dawa za saratani ambazo hakuna atakayempa. Kikiwa ni kifua kikuu, anahitaji dawa ambazo nchini Tanzania hutolewa bure, na watu wa nyumbani kwake wanahitaji kuchunguzwa. Ikiwa ni Peutz-Jeghers, watoto wake wanahitaji kuangaliwa midomo. Kisu kile kile, kovu lile lile, lakini njia nne tofauti kabisa za maisha, na njia panda iko ndani ya kopo.

Kwa hiyo kipande kitumbukizwe kwenye formalini ya kutosha mara tu kinapotoka, kiwekewe jina na tarehe, na hospitali yenyewe ibebe dhamana ya kukifikisha maabara. Tarehe ya kurudi kuchukua majibu iandikwe kwenye daftari kwa herufi zinazosomeka, na namba ya simu ya mgonjwa iwe kwenye jalada lake.

Pingamizi la haki

Atakuwapo atakayesema kwamba ugonjwa huu ni wa nadra, na kwamba zahanati yenye foleni hadi barabarani haiwezi kuutafuta. Pingamizi hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumwambia tabibu awashuku wagonjwa wote. Linajibiwa kwa kuangalia kile anachoombwa. Haombwi kumpeleka kila mwenye maumivu ya tumbo kwenye CT-Scan. Anaombwa asome kurasa za nyuma, na akimkuta mtu mzima aliyerudi mara ya tatu kwa maumivu yale yale, asiandike dawa ya nne kabla ya kuuliza maswali mapya. Utaratibu huo huo humfichua mwenye saratani ya utumbo mpana, mwenye kifua kikuu cha tumbo, mwenye mawe ya nyongo na mwenye henia iliyojificha. Hawa wakijumlishwa si wa nadra hata kidogo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Asitupe daftari la zamani anaponunua jipya, wala asifiche dawa alizopewa kwingine kwa kuogopa kukaripiwa. Maumivu ya mawimbi yakija pamoja na kutapika, tumbo kujaa, kukosa choo na upepo, au damu kwenye choo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asinywe dawa ya kuharisha, asipigwe bomba, asikandwe tumbo. Na akishapasuliwa, aulize swali moja, bila woga, na aliulize tena mpaka lijibiwe: kilichokatwa kilikuwa nini?